Vuta, Usiniachie

Ninapoingia mji nisioujua, mtu wa kwanza ninayemtafuta ni dobi. Safari huharibu mashati kabla haijaharibu kitu kingine chochote, na chumba cha dobi ni mahali pazuri pa kusubiri: pana joto, pananukia sabuni, na watu huongea wakiwa wamesimama, kwa hiyo hawazungushi maneno.

Duka ninalolisimulia ni chumba kirefu chenye milango miwili. Wa mbele unatazama barabara, wa nyuma unatokea uani. Uani ni ufalme wa mwanaume mnene mwenye mabuti ya mpira, ambaye kila mtu anamwita Povu. Yeye hufua, husuuza, hukamua na kuanika. Ndani ni kwa dada yake mkubwa. Wateja wanamwita Bi Mkunjo kwa ajili ya mstari anaouweka kwenye suruali, mstari ambao fundi viatu wa jirani anaapa kwamba nzi akitua juu yake atakatika vipande viwili. Meza yake ya kupigia pasi aliachiwa na mama yao, na ubao wake umechimbika kidogo pale kiwiko kinapopumzika.

Nilipofika huko mara ya pili, Bi Mkunjo hakuwa mezani. Alikuwa kwenye kiti chenye mito, karibu na mlango wa mbele, amekunja uso kama mtu aliyekamatwa.

Alikuwa ameugua saratani ya matiti. Alifanyiwa upasuaji, akapata matibabu yaliyomwangusha nywele, nywele zikarudi. Sasa alikuwa anameza kidonge kila siku cha kuinyima saratani ile homoni inayoilisha. Kasoro yake ni kwamba homoni hiyo hiyo huilinda mifupa. Alipopigwa picha ya kupima mifupa, daktari akamwambia imeanza kupungua uzito. Akamweleza pia kwamba saratani haikuwa imeingia mifupani, kwamba asiache vidonge, na kwamba kuna mengi ya kufanya. Nyumbani, hata hivyo, walisikia maneno mawili tu: mifupa imepungua.

Povu akachukua hatamu. Dada akae mbele, apokee nguo na kurudisha chenji. Mezani atatafutwa mpiga pasi mwingine.

"Kaa, dada. Daktari amesema mifupa."

"Amesema mifupa, hakusema makalio. Haya ndiyo yananiuma sasa."

Binti wa Bi Mkunjo naye hakumwacha apumue. "Mama, weka chini hicho!"

"Ni soksi."

"Weka chini tu, mama."

Mpiga pasi wa majaribio alikuja, kijana mpole anayetokwa jasho. Bi Mkunjo akaiinua suruali aliyoimaliza, akaigeuza kwenye mwanga. Mguu mmoja ulikuwa na mistari miwili.

"Mwanangu," akamwambia, "hapa umejenga reli."

Lakini Povu alikuwa ameshaamua. Meza ingekuwa ya kijana huyo kuanzia wiki iliyofuata, na Bi Mkunjo alijua kwamba mtu akishatolewa mezani kwa huruma, harudishwi.

Siku ile yakaletwa mashuka ya nyumba ya wageni. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja anashika pembe mbili, wanarudi nyuma mpaka kitambaa kikaze, kisha wanavuta ili makunyanzi yatoke. Povu na dada yake wameifanya kazi hiyo tangu wakiwa watoto, na walikuwa na sheria yao: anayesogeza mguu ndiye anayepika chai. Bi Mkunjo akainuka kwenye mito, akashika pembe zake.

Povu akashika zake kama anayembeba mtoto aliyelala.

"Vuta!"

"Navuta."

"Unavuta au unanipungia mkono?"

Hapo Bi Mkunjo akavuta, kwa nguvu zake za zamani. Povu akaingiwa na woga kwamba atamvunja, na kwa upendo wake wote akaachia.

Bi Mkunjo alienda kinyumenyume kwenye sakafu ambayo mabuti ya Povu yalikuwa yameilowesha, akatua juu ya furushi la nguo chafu. Binti akapiga kelele. Povu akabaki amenyoosha mikono, hana kitu mkononi.

"Uliniachia," akasema dada yake kutoka kwenye furushi. "Mjinga wewe. Uliniachia."

Walienda hospitali wote watatu, yeye, Povu na binti. Picha haikuonyesha mfupa uliovunjika. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana aliyekunja mikono ya koti lake mpaka kwenye viwiko, aliuliza ameangukaje, akasimuliwa na watu watatu kwa pamoja.

"Nilimwachia ili asiumie," Povu akamalizia.

Msichana akajikaza asicheke. Kisha akawaeleza kwamba mfupa unataka kazi. Ukikalishwa bila kubeba kitu, mwili unaanza kuuona hauna faida. Kusimama, kutembea, kuvuta kwa kiasi, ndivyo vinavyouimarisha. Hatari ni kuanguka, kuinama huku umejipinda na mzigo, na kunyakua kitu kwa ghafla.

Bi Mkunjo alikuwa na swali moja tu. "Pasi?"

"Unapopiga pasi unasimama, mama?"

"Sijawahi kupiga pasi nimelala, mwanangu."

"Basi meza iinuliwe, usiiinamie. Furushi lililolowa usiguse. Na mgongo ukianza maumivu mapya yasiyoisha, usisubiri, njoo."

Daktari aliagiza pia dripu ya dawa ya kupunguza kasi ya mifupa kuliwa, lakini kwanza meno yakaguliwe, maana dawa hiyo inaweza kusumbua taya ikikuta jino bovu. Bi Mkunjo alikuwa nalo moja. "Titi nilitoa bila chozi," aliniambia baadaye, "jino limeniliza kama mtoto."

Kuanzia hapo alikuwa haambiliki. Seremala akaongeza vipande vya mbao chini ya miguu ya meza. Mabuti ya Povu yakapigwa marufuku kuvuka mlango wa nyuma. Nguo za wateja wa karibu alizipeleka mwenyewe kwa miguu asubuhi, jua likiwa bado rafiki. Maziwa, ambayo hayapendi, aliyanywa amebana pua. Asubuhi nyingine vidonge vilimkaza mwili mpaka kushuka kitandani kukawa kazi. "Leo viungo vimetiwa wanga," alisema, akaenda hivyo hivyo, taratibu.

Povu ndiye aliyebaki hajakubali. Meza imeinuliwa, sawa, lakini kijana wa reli alikuwa bado ameahidiwa.

Nilikuwepo siku alipokuja kuanza kazi. Bi Mkunjo alimsalimia vizuri, akampa kiti chenye mito, kisha akachukua shuka na kumtupia kaka yake pembe mbili.

"Dada, tusirudie."

"Polepole, kama tulivyofundishwa. Ila vuta kweli. Ukiniachia tena, bora uchukue meza na pasi vyote."

Povu alivua mabuti mlangoni, akajifuta miguu, akaingia peku. Dada yake alipanua miguu, akalegeza magoti, akanyoosha mgongo. Wakarudi nyuma. Shuka likakaza. Nilimwona Povu akisita; halafu akavuta. Kweli alivuta, mishipa ya shingo ilimtoka. Bi Mkunjo naye akavuta, bila haraka, macho yake kwenye mikono ya kaka yake. Shuka likasimama kati yao limenyooka kama meza. Vidole vya miguu vya Povu vilikuwa vimeng'ang'ania sakafu. Hakuna aliyesogea.

"Sasa chai anapika nani?" binti akauliza.

"Pika wewe," wakajibu wote wawili, hawajaachia.

Kijana akainuka mwenyewe kwenye mito. Povu akamwangalia, akamwangalia dada yake, akaguna.

"Wewe njoo uani," akamwambia. "Kuna mafuriko ya mablanketi huko, na mzigo uliolowa una mwenyewe sasa."

Bi Mkunjo alikwishageuka. Alilowesha kidole kwa ulimi, akaigusa pasi, ikalia. Akavuta suruali ya kwanza.