Kupanda Jabal Akhdhar Siku ya Kwanza Baada ya Eda

Kila mwaka mume wangu aliniambia, "Mwakani nitakupeleka Jabal Akhdhar ukaone mawaridi yanavyochumwa." Miaka thelathini ya mwakani, mpaka mauti yakamkuta hatujafika. Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, bila wanja wala manukato, hata Idi niliila ndani. Na humo ndani ya eda mwanangu Nasor akaniletea mpango wake: nikitoka tu, nyumba yangu ya Matrah, hapa Muscat, ifungwe, nihamie kwake Mabela, chumba kishapakwa rangi. Gari ya marehemu iuzwe, maana nani ataiendesha? Hakuniuliza. Nilikasirika, na kwenye hasira hiyo nikaamua kwamba safari yangu ya kwanza itakuwa ya mlimani, na usukani nitaushika mwenyewe.

Saa kumi na mbili asubuhi nilimpitia wifi yangu Thuweiba, dada wa marehemu, kwake Bustan. Alipanda gari na tasbihi mkononi.

"Kaka angelikuwa hai angelikasirika," alisema.

"Angelikuwa hai angelinipeleka," nikamjibu. Akafunga mkanda.

Fanja tulisimama kutia petroli. Simu ikalia, Nasor.

"Mama, nimepita nyumbani hupo. Uko wapi?"

"Fanja. Naenda Jabal Akhdhar."

"Mama, eda haijesha. Bado siku tatu, nnayo hesabu hapa kwenye simu. Rudi."

"Nimehesabu mwenyewe, baba. Nshamaliza jana." Nikakata simu, lakini shaka ikaniingia. Mwanangu ni mhasibu, na siku za ndani zinafanana. Thuweiba alisema turudi. Nikamwambia anayetaka kurudi ashuke atafute teksi. Hakushuka.

Birkat al-Mauz ndipo mlima unapoanzia, na gari ndogo haziruhusiwi kupanda, ila ya marehemu ilikuwa ya kuvuta kwa magurudumu yote manne. Askari wa kizuizini alitazama leseni yangu, ya tangu Nasor hajazaliwa, kisha akanitazama mimi.

"Umewahi kupanda, khala?" Ndivyo Waarabu wanavyomwita mama mdogo.

"Leo ndiyo mwanzo."

"Wakati wa kushuka weka gia ya chini. Usikanyage breki njia nzima."

Barabara ni pana na nzuri, ila inapanda kama ngazi na kona hazishi. Upande mmoja jabali, upande wa pili hakuna kitu. Thuweiba alifumba macho kona ya kwanza akayafumbua Saiq, mji wenyewe wa juu, wenye hoteli na wageni na kamera zao. Tulipofungua milango baridi ilituingia, na huku Muscat tulikuwa tumeshawasha viyoyozi.

Kabla ya saa nne tulikuwa Shuraija. Kijiji kimening'inia ubavuni mwa mlima, na chini yake mashamba yamekatwa vidaraja vidaraja, maji yakiteremka kwa mifereji ya falaj kutoka kimoja hadi kingine. Makomamanga yalikuwa yanaanza kuchanua, na waridi zilikuwa kila mahali. Wachumaji walikuwa wakimaliza, maana waridi huchumwa kabla jua halijawa kali. Nililia. Thuweiba naye akalia.

Mwenyeji wetu alikuwa Bi Rahma, mke wa mwenye shamba, aliyetuona na kutuita kahawa. Alitupeleka kwenye tanuri la udongo, jeusi kwa moshi, ambamo waridi huchemshwa ndani ya mitungi na mvuke wake ukadondoka kuwa marashi. Akachukua chupa anitilie mkononi. Nikauvuta mkono.

"Una nini?" aliuliza kwa Kiarabu.

Nikamweleza yote: eda, mwanangu, siku tatu. Manukato ni haramu kwangu ikiwa hesabu yangu ina kosa.

"Mumeo alikufa lini?"

"Usiku ule ule mwezi ulipoandama."

Akahesabu kwa vidole. "Miezi minne imeandama tangu hapo. Na zile siku kumi za juu, zimekwisha juzi au jana?"

"Leo mwezi una siku kumi na moja," Thuweiba akasema polepole. Yeye hafungi zile siku sita za baada ya Ramadhani bila kuhesabu mwezi.

"Basi imekwisha jana. Mwanao kahesabu miezi gani?"

"Ya ofisini, ya Kizungu," nikasema.

Bi Rahma alicheka mpaka akashika ukuta. "Eda ni ya mwezi wa mbinguni, binti yangu. Lete mkono." Akanitia marashi viganjani, nikajipaka usoni, nikajipaka shingoni, nikamwomba aongeze.

Adhuhuri tulisali, tukapita Wadi Bani Habib kutazama nyumba za udongo zilizohamwa chini ya mijozi, kisha tukaanza kushuka. Niliweka gia ya chini. Mbele yetu gari moja ilikuwa imesimama pembeni, breki zikinuka moto, na dereva wake, kijana wa kiume mwenye misuli, akipepea gurudumu kwa kofia. Thuweiba safari hii hakufumba macho.

Baada ya alasiri tulifika Mabela. Nasor alitoka mlangoni, akanusa marashi, akafungua kinywa.

"Mwezi uliandama siku aliyokufa babako," nikamwambia. "Hesabu tena."

Akahesabu. Nilimwona uso ukibadilika.

"Nisamehe, mama. Lakini chumba kiko tayari."

"Wageni watalala. Umenikosea siku tatu tu, Nasor, na hizo nimekusamehe. Miaka yangu iliyobaki niachie nihesabu mwenyewe."

Nikageuza gari, nikamshusha Thuweiba kwake Bustan, nikaenda kulala kwangu Matrah.