Macho Niliyochorewa

Tangazo lilibandikwa nje ya posta ya Eldoret, na watu walikuwa wakilisoma huku wakicheka. Wazungu wa filamu walikuwa wamekodi nyumba kwenye shamba la mlowezi mmoja huko Kaptagat. Walitafuta Waafrika wachache wanaoweza kusema Kiingereza mbele ya kamera bila kutetemeka. Anayetaka apeleke kwanza picha mpya ya uso, iliyopigwa studio, si ile ya kukatwa kutoka kwenye picha ya darasa. Wakiipenda picha, watamwita.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni Kampala, na kila mtu alikuwa ameshaamua kwamba nitafundisha katika shule ya misheni. Mimi sikuwa nimeamua lolote. Kule chuoni nilishinda jukwaani siku nzima mpaka walimu wakaniuliza kama nilikuja kusoma ama kuigiza. Mama alinipa muda hadi mwisho wa mwezi. Wale watu wasiponichukua, nikashike chaki.

Studio ilikuwa nyuma ya mafundi cherehani, chumba chenye vioo juu ili mwanga wa jua uingie. Mwenyewe alikuwa mtu wa kutoka magharibi ya nchi, shemasi wa kanisa, aliyefika mjini zamani kutafuta kazi ya ukarani.

"Karibu, mwalimu."

"Mimi si mwalimu."

"Bado," akasema, akanivutia kiti.

Aliingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi cha kamera. "Angalia hapa kwa kioo. Usipepese mpaka nikwambie." Niliangalia mpaka macho yakatoa machozi. Akapiga nyingine, na nyingine tena.

Kesho yake alizipanga mezani. Mashavu yangu, tai yangu, mdomo uliotulia. Macho yalikuwa yamefumbwa. Katika zote.

"Umelala, mwalimu."

"Ulibonyeza nikipepesa."

"Zote?"

Sikutaka mzaha. Nilimwambia apige tena, lakini safari hii asijifiche ndani ya kitambaa. Asimame kando ya kamera aniangalie usoni. Alifanya hivyo. "Yako wazi," akasema. "Yako wazi kama dirisha." Akabonyeza. Nilingoja akizisafisha picha kwenye chumba cha giza. Alipotoka nazo alinipa tu. Macho yalikuwa yamefumbwa tena.

Nilianza kuuliza maswali kama nilivyofundishwa. Dawa zimeharibika? Kioo kina kasoro? Nilimkalisha yeye kwenye kiti hichohicho, jua lilelile, nikabonyeza mwenyewe. Picha yake ilitoka ikinikodolea macho. Basi nikasema ni mwanga, macho yangu ni mepesi kuumia. Hata mimi nilisikia kwamba hilo lilikuwa neno la kujaza nafasi tu.

"Tunaweza kuyafungua," akasema.

"Kuyafungua namna gani?"

Akanieleza kama fundi anavyoeleza tundu la kifungo. Kwao, watu wengi wanakufa kabla ya kupigwa picha hata moja. Kwa hivyo kabla ya maziko familia humwita. Marehemu anavalishwa suti, anainuliwa kidogo, anapigwa picha. Halafu yeye anakuja nayo hapa, anakaa dirishani, anamfungua macho pichani kwa wembe mwembamba, penseli na brashi ya nywele chache. "Wanamtundika sebuleni. Wageni wakija wanaonyeshwa: huyu ndiye baba. Hakuna anayejua alikuwa amelala."

"Mimi niko hai, Mzee."

"Kwa hivyo itakuwa rahisi zaidi."

Mwezi ulikuwa unaisha. Nikamwambia ayafungue.

Siwezi kusema picha ilikuwa mbaya. Ilikuwa ya kijana mzuri kuliko mimi, aliyetulia, anayekutazama na bado anaonekana kutazama kitu kilicho nyuma yako kidogo. Niliipeleka nyumbani. Mama alikuwa akimenya viazi. Alifuta mikono kwa leso, akaishika pembeni.

"Hii umeleta ya nani?"

"Yangu, Mama."

"Wacha mchezo."

"Angalia shati. Si wewe ulipiga pasi?"

"Shati naijua," akasema. "Nimekuuliza mwenye kuvaa."

Jirani yetu, mama mmoja kutoka magharibi aliyefanya kazi ya kuchuma maua ya pareto, alikuwa ameketi mlangoni akingoja moto wa kuwashia jiko lake. Alinyoosha shingo aone. Kisha akaomba apewe.

"Huyu ni kaka yangu," akasema taratibu.

"Ni kijana wangu," Mama akasema, na sasa alikuwa anaitetea picha ambayo dakika iliyopita aliikataa.

"Uso ni wa kijana wako, Mama. Sikatai. Macho ni ya kaka yangu. Tulimzika mwaka wa nzige." Alikuwa na picha yake ukutani, akatupeleka tukaone. Kaka yake alikuwa mtu mzima mwenye ndevu na mashavu yaliyobonyea. Hatukufanana kwa lolote, ila wote wawili tulikuwa tunatazama kitu kilekile nyuma ya bega la Mama. Mama aligeuka kuangalia. Aliudhika kwamba amegeuka, akarudi kwa viazi vyake.

Nilirudi studio nikiwa na hasira ya mtu ambaye hajui anamkasirikia nani.

"Haya macho ni ya nani?"

Shemasi hakushangaa. "Ninajua kuchora ya namna moja tu."

"Ulijifunza kwa nani?"

"Maiti wa kwanza niliyepewa. Sikuwahi kumwona akiwa hai, na hapakuwa na mtu wa kuniambia yalikuwaje. Nikabahatisha."

"Na familia?"

"Mama yake alilia sana. Akasema ni yeye kabisa." Alikuwa akisafisha brashi, akaivuta katikati ya midomo ili inyooke. "Wa pili nikachora yaleyale. Wakasema ni yeye kabisa. Tangu hapo, kwa nini nibadilishe?"

Hapo nilipumua. Nilikuwa nimepata maelezo: watu wenye huzuni wanaona wanachotaka, na macho yasiyo ya mtu yeyote yanatosha mtu yeyote. Nilifurahia maelezo hayo njia nzima hadi posta, nikaituma picha.

Waliniita haraka.

Kaptagat kulikuwa na ukungu, miti imesimama ndani yake kama watu waliosahau walichojia. Mzungu wa filamu alikuwa ameketi barazani na meza, na picha yangu iko peke yake juu ya meza, nyingine zimewekwa kando. Alinitazama, akanitazama tena.

"Tulimwita huyu," akasema.

"Ni mimi, bwana."

Alinipeleka kwenye mwanga, akanipa maneno niyaseme. Niliyasema vizuri, nasema hivyo bila majivuno, kwa sababu hata yeye alikubali. Aliniambia nina sauti nzuri. Aliniambia Kiingereza changu hakina kasoro. Kisha akamwita mwanamke aliyefanya kazi naye, akaiweka picha kando ya uso wangu. Yule mwanamke alitikisa kichwa mara moja tu.

"Ni ndugu yako?" Mzungu akaniuliza.

"Hapana. Mpiga picha aliyarekebisha macho. Hayo mengine yote ni mimi."

"Hatuna shida na hayo mengine," akasema, kwa upole kabisa. "Tulipoona huyu alivyotazama, tuliandika mchezo upya kwa ajili yake. Mwambie aje. Tutamngoja."

Nilimweleza tena. Nilieleza mwanga, wembe, penseli, desturi ya kuwapiga picha marehemu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mtu anayemficha mwingine. Mwishowe niliomba picha yangu.

"Hii?" Aliisogeza upande wake wa meza. "Hii itamngoja mwenyewe."

Nilishuka kwa miguu kuelekea njia kuu. Barabara ya msituni ilikuwa pana, haina gari wala mtu, na ukungu ulikuwa umeifunga mbele. Nilikuwa nimeshatembea mbali nilipogundua kwamba tangu nitoke getini nimekuwa nikienda pembeni kabisa, kwenye nyasi zenye umande, kama mtu anayempisha mwenzake anayepanda kwenda nilikotoka.