Wakili Aliomba Huruma

Mdogo wangu alikwenda polisi mwenyewe, kwa miguu yake, amevaa shati lililopigwa pasi. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Mwizi gani anakwenda polisi kudai pikipiki yake?

Siku iliyotangulia, wanaume wawili walipanda pikipiki hiyo kama abiria huku kwetu mtaa wa Lumumba, akawapeleka nyumbani kwa mama mmoja muuza vitenge. Wakamwambia awangojee. Aliposikia mlio wa bunduki ndani ya ua, aliacha pikipiki akakimbia. Wezi waliruka ukuta wakapotea. Majirani wakakamata pikipiki, wakaipeleka polisi, na ushahidi wote ulikuwa huo.

"Yaya, mi nilikimbia tu," aliniambia mimi dada yake mkubwa, kupitia vyuma vya kasho, selo ya polisi. "Mutu akisikia masasi, asikimbie?"

Siye tuliozaliwa Gety, kwenye vita, tulijua kukimbia kabla ya kujua kusoma. Lakini polisi waliandika kwamba kukimbia kwake ni kukiri.

Alikaa gerezani miezi mitano kabla ya kesi. Siku ile karani alisoma mashtaka kwa Kifaransa, mbiombio: wizi wa kutumia silaha, adhabu yake kifo. Mama yetu, asiyejua Kifaransa, akanivuta kitenge.

"Anasema nini?"

"Anasoma majina," nikamdanganya.

Wakili tuliyepewa na mahakama alimwona mdogo wangu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyohiyo, kwenye baraza. Alimwuliza jina na umri, basi. Nikamfuata huyo Metre, kama tunavyowaita mawakili.

"Metre, muite yule mama wa vitenge. Yeye aliwaona wezi kwa macho."

"Mama, niache nifanye kazi yangu."

Kazi yenyewe ndiyo hii: alisimama, akarekebisha joho lake, akasema, "Mteja wangu ni kijana, hajawahi kuhukumiwa. Naomba mahakama imhurumie." Akaketi.

Nikasimama. "Huruma ya nini? Hakuiba!" Askari wawili wakanikokota hadi nje, kiatu changu kimoja kikabaki ndani.

Hukumu niliipata kwa mama. Kifaransa hajui, ila hesabu zake anazijua, za sokoni. Alitoka akiwa ameshika kiatu changu.

"Vingt ans," akasema. Miaka ishirini. Akaketi chini, palepale kwenye vumbi.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwa muuza vitenge. Nilidhani atanifukuza. Alinipa kiti.

"Hakuna mutu aliniuliza," alisema. "Wale wawili niliwaona uso. Kijana wenu hakukuwa ndani."

Hakuna aliyemwuliza! Miezi mitano, na anakaa mwendo wa dakika kumi tu kutoka mahakamani.

Tulikata rufaa. Safari hii tulipata wakili mwingine, mwanamke, ambaye alikwenda gerezani mara tatu, akamsikiliza mdogo wangu na kuandika kila neno. Muuza vitenge akaja kusema mbele ya majaji alichoniambia mimi. Wakamwachia. Jumla alikaa ndani mwaka mmoja na miezi mitatu. Alitoka amekonda, anakohoa, na akisikia mlango unagongwa anasimama kama mtu anayehesabiwa. Hakuna aliyemwambia pole.

Majuzi nilikutana na yule Metre wa kwanza sokoni. Akanichekea, akanyoosha mkono.

"Mama! Kijana wetu alitoka, Mungu ni mwema!"

Niliuangalia mkono wake mpaka akaushusha.