Mkono Wangu Kwenye Mfaa wa Esha

Siku yangu ya kwanza ya ualimu nilifika na patasi kumi na mbili nimezifunga katika kitambaa, nikakuta vijana thelathini na meza moja. Mimi nilikuwa fundi wa nakshi, mtu wa kuchonga maua na minyororo kwenye milango ya mbao, na sikuwahi kumfundisha mtu isipokuwa mpwa wangu, ambaye alinitoroka akaenda kuendesha tuktuk. Kituo chenyewe kilikuwa chumba cha chini katika nyumba ya mawe, hatua chache kutoka barabara ya Ndia Kuu. Kilifunguliwa ili vijana wa Mji wa Kale walioshindwa na shule, au walioishinda shule, wapate la kushika. Mkuu wa Kituo, mwalimu mstaafu ambaye miwani yake ilining'inia kwa uzi shingoni, alinipima kwa macho kutoka kofia hadi makubadhi.

"Sabalkheri, Fundi. Hawa ndio wanafunzi wako. Wiki ijayo twataka kuona kitu."

"Kitu gani, Bwana Mkuu? Wiki ya kwanza hunolewa patasi."

"Wiki nzima mwanoa tu?"

"Wiki ni chache."

Alivuta pumzi kama mtu aliyeletewa samaki aliyeoza, lakini aliniachia. Tukanoa. Kinoo ni jiwe la kunolea. Unalilowesha maji, unalaza patasi juu yake kwa mshazari, unakwenda na kurudi bila kuinua mkono. Ukitaka kujua kama imekuwa, ipitishe juu ya mkono wako: ikinyoa malaika, zile nywele laini, basi. Isiponyoa, rudi kwenye jiwe. Wiki ilipokwisha walibaki kumi na mmoja, na waliokwenda sikuwalaumu, maana hata mimi mgongo ulikuwa waniuma.

Baada ya kunoa walijifunza kupiga mistari kwa penseli na bikari, kisha kuchimba mbao pembeni mwa ua ili ua lenyewe lisimame, kisha petali, ambayo ndiyo kazi hasa. Nami niliwawekea sharti moja nililolipokea kwa fundi aliyenifunza: mkono wa fundi hauingii katika kazi ya mwanafunzi. Ukitaka kumwonyesha, chukua kibao kingine umwonyeshee hapo, kisha mrudishie chake na kosa lake lile lile. Fundi wangu alikuwa akisema kosa ukiondolewa na mwenzio hulioni tena, na usiloliona utalirudia. Nilipokuwa kijana nilidhani ni uvivu wake. Nilipoanza kufundisha ndipo nilipojua kazi ilivyo kumtazama mtu anaharibu ubao mzuri nawe umekalia mikono yako.

Kituo kile kilidumu miaka mitatu. Wafadhili walichoka, mradi ukaisha, na kilichosalia ni fulana zenye jina lake, ambazo bado naziona zikipigiwa deki.

Kutoka hapo nilipelekwa kwenye banda moja karibu na lango la bandari ya Kilindini, chini ya Afisa wa Vijana. Wanafunzi wangu walikuwa watoto wa makuli na madereva wa malori, na mbao zetu zilitoka katika makasha ya mizigo, mbao laini zinazopasuka ukizitazama vibaya. Afisa wa Vijana hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka.

"Mwalimu, achana na maua. Wafunze ndovu. Ndovu huuzika."

"Ndovu hana nakshi, Bwana Afisa."

"Lakini ana mkonga, na watalii waupenda."

Basi tukachonga ndovu. Miaka miwili nilichonga ndovu, hata nikawa naota nina mkonga. Nasema kwa mzaha, lakini wakati ule nilikuwa narudi nyumbani nimechoka kwa uchovu usiotoka kwa usingizi. Ukifanya kazi usiyoiamini, huchoka mahali ambapo chai haifiki.

Nilikwisha kuazimia kuacha, ndipo nikaitwa Mji wa Kale tena. Ulianzishwa mradi mpya, na mkubwa wangu safari hii alikuwa Mratibu, binti mwenye elimu na moyo mzuri ambaye simu yake haikunyamaza. Katika karakana ya mradi huo ndiko alikokuja Esha.

Esha alikuwa na miaka kumi na saba, mtoto wa mshonaji wa mtaa wa Kuze, na alitumia mkono wa kushoto. Nakiri kwamba miezi miwili nilimlazimisha ashike nyundo kwa kulia. Nilimwambia ndio mkono wa kheri, ndio waliotumia mafundi wote, na maneno mengine ya namna hiyo. Petali zake zilitoka zimekufa. Siku moja nilirudi kutoka msikitini mapema nikamkuta amekaa peke yake, nyundo kaihamishia kushoto, na ua lililokuwa mbele yake lilikuwa hai kuliko maua yangu.

"Nisamehe, Mwalimu," alisema aliponiona.

"Endelea," nikamwambia.

Lazima nieleze jambo la kazi hapa, maana bila hilo hamtanielewa. Anayechonga kwa kulia huingiza patasi upande mmoja wa petali, na lile bonde dogo la katikati huinamia upande wake. Wa kushoto hutoka na bonde lililoinamia kwingine. Mpita njia haoni tofauti. Fundi huiona mara moja, kama mama anavyojua kwa kutazama tu ni nani aliyemsuka mwanawe nywele.

Mamake Esha hakuipenda kazi hii. Alikuwa amemtafutia nafasi ya kusomea ukarani, kazi ya kiti na kivuli, na sioni alikosea wapi. Lakini Esha alimwomba sana, nami nikamwombea, mpaka yule mama akakubali kwa sharti. Jirani yetu palikuwa na ukumbi wa kina mama, nasi tulikuwa tumepewa mbao za mvule tuutengenezee mlango mpya. "Mlango huo ukifunguliwa," alisema mama mtu, "nitakuja nitazame kazi ya mwanangu kwa mato yangu. Nikiona ni fundi, abaki. Nikiona achezea mbao, yuwaenda akasome." Nami nilikuwa na shauku yangu katika jambo hilo. Nilikwisha kumwambia Mratibu kwamba Esha akibaki, yeye ndiye atakayewafundisha wanaoanza, nami nipumzike. Sikuwa na mwengine wa kumwachia.

Wanafunzi wengine niliwapa miimo, zile mbao za pembeni, na wawili wakapewa ule ubao wa juu. Esha nilimpa mfaa. Mfaa ni ule ubao mwembamba unaosimama katikati, pale milango miwili inapokutana, na ndio watu wanaoutazama kwanza. Ulikuwa na maua kumi na tisa, moja juu ya jingine, na kila ua lilimchukua siku mbili. Tulihesabu tukaona muda watosha.

Kisha mgeni rasmi akabadilisha siku yake, akasema atakuja mapema, baada ya wiki moja tu. Esha alikuwa amemaliza ua la kumi na moja.

"Mwalimu," Mratibu aliniambia, "hatuwezi kufungua mlango na mfaa nusu. Picha zaenda kwa wafadhili. Wewe siku tatu wamaliza."

"Ile ni kazi ya mtoto wa watu, Bi Mratibu."

"Ni kazi ya mradi, Mwalimu. Nami pia nina wakubwa wangu."

Nilikataa. Kesho yake Esha hakuja, homa ilimlaza. Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu niliuchukua ule ubao nikauweka mezani, nikafunga mlango wa karakana. Nilijiambia ninamsaidia, kwamba mamake akiona kazi nusu atasema mtoto ameshindwa. Hiyo ilikuwa kweli, lakini haikuwa yote. Niliona haya pia. Niliogopa mgeni rasmi atasema shule ya huyu mzee haimalizi kazi. Nilichonga maua manane, nikijitahidi kumwiga. Hata niligeuza ubao kichwa chini nikidhani bonde la petali litainama kama lake. Ubao uligeuka, mkono wangu haukugeuka. Nilijua, na niliendelea kuchonga.

Siku ya ufunguzi kichochoro kilijaa. Palikuwa na halwa, kahawa, utepe na viti vya kukodi. Mamake Esha alikaa safu ya mbele na buibui lake jipya. Esha mwenyewe alifika amekonda kwa homa, na mlango ulikuwa umekwisha kutundikwa. Mgeni rasmi akakata utepe, akasimama mbele ya ule mfaa, akauliza nani aliyeuchonga. Mratibu akamsogeza Esha mbele. Watu wakapiga makofi, na kina mama wakapiga vigelegele.

Esha hakuwatazama watu. Aliweka vidole kwenye ua la chini, akapanda nalo, la pili, la tatu, taratibu. Alipofika la kumi na mbili vidole vikasimama. Akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Si mimi, mheshimiwa," alisema. "Mimi nimechonga mpaka hapa."

Watu walicheka, wakadhani ni adabu. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mamake hakucheka. Baada ya watu kutawanyika alinijia, akanisalimu kwa heshima zote.

"Ahsante, Mwalimu. Nimeona. Kumbe kazi hii mwanangu haiwezi bila ya mkono wako."

Nilimwambia sivyo, ilikuwa haraka ya mgeni, mtoto alikuwa mgonjwa. Kila neno nililosema lilizidi kumthibitishia. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa sababu alikuwa mtu wa adabu, kisha akamshika mwanawe mkono wakaenda. Wiki iliyofuata nilikwenda kwao. Nilikaribishwa kahawa na kaimati, nikaambiwa Esha amekwisha kuanza masomo ya ukarani. Yeye hakutoka chumbani.

Nilifundisha miaka minne mingine baada ya hapo. Alikuja Mratibu mwengine, na baada yake mwengine. Nilifanya kazi kama inavyotakiwa, nikanoa, nikapiga mistari, na sikuugusa tena ubao wa mwanafunzi hata pale uliponililia. Lakini kile nilichokuwa nacho moyoni wakati wa Esha kilikuwa kimekwisha. Siku nilipostaafu walinipa cheti katika fremu na saa ya ukutani, wakapiga picha. Mgongo haukubali tena kuinama juu ya meza, na vumbi la mvule limo kifuani; nikikohoa nadhani bado linatoka.

Ninyi mnaofundisha vijana leo mnaniuliza mara kwa mara kama kazi yetu ina faida. Sijui niwajibu nini. Wawili katika wanafunzi wangu wana karakana zao. Mmoja yuko Lamu, na nasikia ni fundi wa kutajwa. Wengi wameshika mengine, wakinikuta njiani hunibebea kikapu. Mikutano nimehudhuria mingi kuliko milango niliyochonga, na hakuna mkutano hata mmoja ninaoukumbuka. Nawakumbuka wao, na zaidi ya wote namkumbuka yule niliyempoteza kwa kumsaidia.

Majuzi nilikutana naye. Nilikuwa nimesimama dukani Ndia Kuu nanunua dawa ya kikohozi, nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo, Mwalimu." Nikageuka, ndiye. Mtu mzima sasa, kitambulisho cha kazi shingoni. Ni karani kwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, ana watoto wawili, na mamake ni mzima. Tuliulizana hali kama inavyostahili, kisha nikashindwa kuendelea na maneno ya adabu.

"Esha mwanangu, nilikukosea. Miaka yote hii nataka kukuomba radhi, naona haya."

"Nilikusamehe zamani, Mwalimu. Wallahi, zamani." Akanisogelea. "Lakini kuna kitu n'likuwa nataka kukuuliza. Mlango bila ya nakshi, wafunguka au haufunguki?"

"Wafunguka."

"Basi si mngeufungua vivyo hivyo? Mamangu angeona maua kumi na moja, yote yangu. Na mimi kesho yake ningekuja na nyundo yangu, nikalianza la kumi na mbili."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyelifikiri jambo mara nyingi hata likamwishia uchungu. Kisha akatazama simu yake, akasema yuwachelewa kazini, akaniombea afya, akaenda zake. Mwenye duka aliniuliza mara mbili kama dawa bado naitaka. Maisha yangu yote nimetengeneza milango, na hilo halikunipitia kichwani hata siku moja.