Nilivyoziba tundu la paa Jeddah, mji mzima ukizibua mitaro

Wakuu habari zenu. Nyuzi za Saudia nimezisoma hapa miaka nikiwa kimya. Leo natoa yangu, na chumvi sijaongeza, maana mjinga wa hii story ni mimi mwenyewe.

Nilienda ile miaka maajenti walikuwa wanatusafirisha kila wiki kwenda kazi za nyumbani. Nikaangukia Jeddah, mtaa wa Al-Hamra.

Kazi yangu kubwa ilikuwa Bibi, mama yake bosi. Alizaliwa Unguja, akaletwa Saudia na wazazi akiwa msichana. Stroke ilikuwa imemchukua miguu. Madam, mke wa bosi, na watoto ni Kiarabu tupu. Siku ya kwanza nikajaribu "shikamoo", ambayo kwetu Mwingi hata hatuna. Bibi alinishika mkono, hakuuachia mpaka chai ikapoa. Nilimpenda pale pale, sifichi.

Sasa likaja tangazo la mvua kubwa.

Kwetu Ukambani mvua ikitangazwa watu wanatafuta ndoo. Jeddah wanatafuta pa kujificha. Mji ule umewahi kuzika watu kwa mafuriko, hawachezi. Simu zinalia alert, shule zimefungwa. Wafanyakazi wa manispaa wanafunua mitaro na kutoa takataka, malori ya kunyonya maji yamepangwa karibu na barabara za chini. Majirani wanatoa magari basement. Hata mkate dukani ukaisha.

Bosi na familia walikuwa Riyadh kwenye harusi. Madam akapiga simu: "Panda juu ufagie. Lile tundu la maji liwe wazi. Yalla, haraka!"

Nikapanda. Nyumba haikuwa na ghorofa, paa bapa la simiti lenye ukuta mfupi pembeni. Nikafagia vizuri kabisa. Halafu nikaliangalia lile tundu, roho ikaniuma. Maji yote ya Mungu yaende mtaroni? Na Bibi kila siku analalamika maji ya bomba yanamkausha nywele?

Nikachukua tambara nene, nikaziba. Nia yangu maji yatulie juu, niyachote na ndoo nimwoshe nywele. Nikashuka najiona engineer.

Mvua ikaanza baada ya adhuhuri. Wakuu, ilimwagwa! Barabara ya mbele ikawa mto. Niko jikoni nikasikia, "Mwende! We Mwende! Dari inavuja!"

Nilikimbia. Maji yalikuwa yanashukia kwenye taa, chini yake kitanda, na juu ya kitanda Bibi wangu, hawezi hata kujigeuza.

Nikazima umeme wa nyumba nzima. Nikamshusha kwenye blanketi, nikaanza kumvuta kwenda korido, naomba Mungu na kuomba msamaha kwa pamoja.

"Nikokote tu mwanangu," akasema, "mimi si yai."

Kumbe hata kwenye taabu mtu anaweza kukuchekesha.

Lakini korido nayo iko chini ya paa lile lile. Likishuka, linamshukia. Nikapanda tena. Maji yalikuwa yamepita magoti. Nikainama, napapasa, sioni kitu, na tambara limenyonywa ndani halitoki. Nilivuta mpaka kucha ikang'oka. Lilipotoka, maji yakaondoka kwa kishindo, nami nikakaa pale pale kwenye mvua nikalia.

Nilimwambia Bibi kila kitu huku namkausha. Akasema, "Mwanangu akija, mimi ndo n'lokutuma uzibe. Umesikia?"

Ndege zilichelewa, wakarudi siku mbili baadaye. Madam kuona ile dari tu, akaanza kufoka. Bibi akawahi, akasema kwa Kiarabu kwamba ndiye aliyenituma.

Wakuu, nilikuwa na njia ya kutokea. Ikanishinda. Nitamwachaje mzee wa watu aseme uongo kwa ajili yangu?

"Bosi, Bibi ananifichia. Ni mimi," nikasema kwa Kiarabu changu cha kuokoteza.

Madam akasema halas, yaani basi, arudishwe kwa ajenti leo. Simlaumu, angeweza kurudi kwenye matanga. Nikaenda kukunja nguo zangu.

Nikiwa hapo nikamsikia Bibi anamwambia mwanawe. Si kwa Kiarabu. Kwa Kiswahili, polepole:

"Ukimwondoa huyu, mimi n'tazungumza na nani?"

Bosi, ambaye sikuwahi kumsikia akitamka hata neno moja la Kiswahili, akajibu kwa kujikwaakwaa:

"Na sisi wawili, mama. Mimi na yeye."

Nilikaa pale miaka mitatu zaidi.

Funzo langu: ukienda kwa watu, uliza kwanza mvua yao iko aje, usiende na akili ya kwenu. Na ukikosea, sema mwenyewe.

Haya, nichekeni, nimezoea. Ila mliowahi kulea mzee wa watu ugenini, nanyi semeni alikuwa anawaitaje. Nasoma zote.