Mama Hakukimbia

Utotoni mwangu kule Ngonga, mke wa mtu hakuruhusiwa kukutana na baba mkwe wake. Akimwona kwa mbali, anakimbilia migombani, anajifunika kanga, anasubiri apite. Asipofanya hivyo majirani wananung'unika, na manung'uniko yao yanageuka upepo baridi, mbepo, unaomwingia mwilini na kumlaza kitandani. Niliamini hivyo, sisi sote tuliamini.

Nilikuwa na miaka tisa, miaka ile mitumba ilipoanza kujaa sokoni. Siku hiyo mimi na Mama tulitoka shambani, yeye amejitwika kikapu cha mpunga na viatu vyake vya mtumba ameshika mkononi, maana miguu ilikuwa imevimba, havimwingii. Njiani alisimama mara tatu, akihema.

"Tangulia, mwanangu. Nakuja."

Mara Babu, baba yake Baba, akatokea kwenye kona. Nikamvuta Mama kanga tuingie migombani. Hakwenda. Alitua kikapu, akakaa chini palepale, akajifunika uso. Babu akageuka, akarudi alikotoka.

Jioni kijiji kizima kilikuwa kinajua. Wiki ile Mama alishindwa kuamka, na Shangazi, dada yake Baba, akasema, "Mmeona? Kamdharau mkwe, mbepo imempata."

"Alikuwa anahema kabla hatujamwona Babu," nikasema.

"Nyamaza. Haya ni mambo ya wakubwa."

Baba alikuwa amekaa hapohapo. Alinitazama, kisha akainama kama anatafuta kitu sakafuni. Kuinama kule sijamsamehe.

Wakampelekea Babu jogoo wa kuomba radhi. Mama alipopata nafuu kidogo wakamwamuru achote maji kwa njia ya kuzunguka majaruba ya mpunga, ili wasikutane tena. Njia ile ilikuwa ndefu mara mbili. Aliizunguka siku tisa, ndoo kichwani, akilala usiku ameketi kwa sababu akijinyoosha pumzi inakata. Siku ya kumi walimkuta kando ya jaruba, amekufa. Msibani nilisikia wakisema kosa lake lilikuwa zito, jogoo mmoja hakutosha.

Hakuugua kwa sababu hakukimbia. Hakukimbia kwa sababu aliugua. Mtoto wa miaka tisa aliliona hilo.

Wenzangu huniambia nipoe, zamani watu hawakujua. Hawakujua nini? Mwaka uliofuata Babu alibanwa kifua, akahema, miguu ikavimba vilevile. Shangazi huyohuyo alikimbilia barabarani kusimamisha gari la mnunuzi wa kakao, na kabla ya saa sita mchana Babu alikuwa hospitalini. Daktari akasema ni moyo, akampa vidonge. Aliishi miaka mingine kumi na moja, na hakuna hata mmoja aliyeuliza amemkosea nani.