Bwana Kimotho Alipokataa Kurudia

Mwanangu, mashine ilimeza mkono wangu wa kulia mpaka kwenye kiwiko, nami nikasimama nikiutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha nikamsikia Mama Otieno akipiga nduru, "Zima! Zimeni, jameni!" Hapo ndipo nikajua ni mimi.

Asubuhi hiyo, katika kiwanda cha vitambaa pale Thika, tulikuwa tumepanga mstari kupokea maagizo ya shifti. Supavaiza wetu aliitwa Kimotho. Siku nyingine alituongelesha kwa Kiswahili, hata Kikuyu akiwa na haraka. Lakini siku hiyo kulikuwa na wageni wa ofisi kuu, wamevaa kofia mpya za plastiki, na Kimotho akaanza kumwaga Kiingereza. Sitakudanganya, kilikuwa kitamu kusikiliza.

"The cover has come off," akasema akionyesha mashine kwa mbali, "so hold off till I sign it off."

Off, off, off. Sisi off tuliijua ni siku ya kukaa nyumbani. Hizi za Kimotho zilikuwa za ukoo mwingine, na mimi niliachia shule darasa la tano. Nilibaki nikishangaa vile neno dogo namna hiyo linaweza kubebeshwa kazi nyingi, na mtu akalirusha bila hata kupumua.

Mama Otieno, aliyekuwa amesimama karibu nami, akainua mkono. "Bwana Kimotho, hebu rudia na Kiswahili tusikie vizuri."

Kimotho akawatazama wageni kwanza. "Mama, hapa ni kiwanda, si soko ya Makongeni. Kama hujaelewa, ngumbaru, shule ya watu wazima, iko wazi jioni."

Watu wakacheka. Wageni pia. Halafu akauliza, "Are we together?" yaani tumeelewana, na tukaitika pamoja kama tulivyozoea kila asubuhi, "Yes, sir!" Mama Otieno peke yake alinyamaza. Mpaka leo nikimfikiria yule mama mwili unanisisimka. Mbele ya wakubwa, akichekwa, na bado hakutoa ndiyo ya uongo.

Nikaenda kwa mashine yangu, nikaiwasha. Kifuniko cha rola kilikuwa kimetoka upande wa nyuma, ambao huuoni ukiwa umesimama mahali pa kazi. Nikanyoosha mkono kurekebisha kitambaa, rola ikashika shati.

Kwenye kikao cha baadaye, nikiwa na bandeji, Kimotho alisema alituonya na sote tukaitika. Meneja Gitau, ambaye asubuhi ile alisimama pale na wageni, akaamua kosa ni langu. Na hayo yote waliyasema kwa Kiswahili safi kabisa.

Siku hizi mimi ni bawabu, nafungua geti la mtaa wa Membley, hapa Ruiru, kwa mkono wa kushoto. Nasikia wamama wakiwaita watoto wao, turn off, get off, take off, na vitoto ambavyo havijaanza shule vinajua hii ni kuzima, hii ni kushuka, hii ni kuvua. Haiya! Nasimama tu pale nikistaajabu.

Juzi niliona nimeogopa kuuliza vya kutosha. Nikamuuliza binti yangu Wairimu, anayesoma chuo kikuu Juja, "Hold off ni kusema nini?"

"Ni ngoja, Baba."

"Ngoja tu?"

"Ngoja tu. Kwani nani amekwambia ungoje?"

Ngoja! Neno ambalo kila mama humwambia mtoto akikaribia sufuria ya moto.

Mwanangu, kisome Kiingereza, tena ukijue vizuri, maana ni kitu cha ajabu kweli. Lakini ukiwa mbele ya mashine, au daktari, na hujaelewa, sema hujaelewa. Wacha wacheke, kicheko kinaisha kabla ya chai ya saa nne. Na siku utakapofanywa mkubwa wa watu, usitafute sifa za wageni kwa miili ya wale unaowapa kazi. Mungu akulindie mikono yote miwili, na akupe moyo kama wa Mama Otieno.

Na wewe Kimotho, nasikia umejenga hapa Ruiru. Ulitujua. Ulijua hatukuelewa, na Gitau alijua. Njooni wote wawili msimame mbele yangu mnijibu: mngepungukiwa na nini kama mngetuambia tungoje?